Mtoki wa chanjo: kwa nini tezi za kwapani huonekana zimevimba kwenye picha za hospitali

Aliyechomwa mwiba mguuni ukakaa siku mbili tatu anaujua mtoki. Kinachouma ni kidole, lakini uvimbe unajitokeza kwenye kinena. Baada ya chanjo mambo huenda vilevile, ila mwiba ni sindano ya begani na mtoki unatokea kwapani.

Chanjo ikishaingia kwenye msuli, seli za kinga hubeba chembe zake kupitia mishipa ya limfu, yaani mirija inayopitisha majimaji ya kinga, hadi kwenye tezi za jirani, yaani za kwapa la mkono uleule, na wakati mwingine zile za juu ya mtulinga. Humo seli zinazotengeneza kingamwili huzaliana kwa kasi na tezi hujaa. Huo si ugonjwa. Ni kinga inajifunza kazi yake.

Tatizo ni kwamba saratani ya titi inapoanza kusambaa, mara nyingi hupitia tezi hizohizo za kwapa. Ndiyo maana daktari anayesoma mamografia, yaani picha ya eksirei ya matiti, huzitazama kwa makini. Kwenye altrasaundi, tezi iliyotulia ina umbo la haragwe, gamba jembamba na kiini cha mafuta katikati. Baada ya chanjo gamba hunenepa, kwa kawaida kwa usawa, na kiini hubaki. Saratani mara nyingi huifanya tezi iwe ya duara na kukifuta kiini. Lakini alama hizi hupishana, na picha peke yake haitoshi kila mara kutoa jibu.

Kwenye PET skani utata huzidi. Hapo mgonjwa hudungwa sukari yenye mionzi, na seli zinazofanya kazi nyingi huila kwa wingi, zikang'aa pichani. Seli za saratani ni walafi wa sukari, na seli za kinga zilizoamshwa na chanjo nazo hivyohivyo. Mgonjwa aliyetibiwa limfoma, yaani saratani ya tezi za limfu, anaweza kuonekana ana tezi inayong'aa kwapani, familia nzima ikalala na hofu kwamba ugonjwa umerudi, kumbe alichanjwa wiki iliyotangulia.

Haya hayakuanza na chanjo ya korona. Chanjo ya mafua huyaleta, na BCG, chanjo ya kifua kikuu wanayochomwa watoto wetu wachanga, pia. Ila mwaka 2021 watu wengi mno walichanjwa kwa pamoja, na katika majaribio ya chanjo ya korona ya Moderna zaidi ya mtu 1 kati ya 10 alipata maumivu au uvimbe kwapani. Wataalamu wa picha za matiti Marekani walishauri wanawake wafanye mamografia ya kawaida kabla ya dozi ya kwanza, au wangoje wiki 4 hadi 6 baada ya dozi ya pili. Mwaka 2022 wakageuza ushauri: kipimo kisiahirishwe. Kwangu mimi ushauri wa pili ndio sahihi, kwa sababu tezi yenye shaka inaweza kupimwa tena, lakini miezi iliyopotea saratani ikikua hairudi.

Kwa hiyo unapokwenda kupigwa picha, mwambie mhudumu kabla hujavua nguo: nilichanjwa tarehe fulani, mkono huu, chanjo ya aina hii. Maneno hayo machache yanaweza kukuepusha na kukatwa kipande kidogo cha nyama ya tezi kwa ajili ya vipimo bila sababu. Mwenye saratani ya titi la kushoto aombe kuchomwa mkono wa kulia, au paja. Tezi ikionekana imevimba upande wa sindano na hakuna dalili nyingine, daktari anaweza kukuita tena baada ya wiki 12 hivi aone kama imenywea. Isiponywea, ndipo kipande hicho cha nyama huchukuliwa.

Chanjo ya mkono wa kushoto haielezi tezi iliyovimba kwapa la kulia peke yake. Wala haielezi kivimbe kilicho ndani ya titi, chuchu iliyoingia ndani, au damu inayotoka kwenye chuchu. Ukiwa na mojawapo ya hayo, nenda hospitali wiki hii, hata kama ulichanjwa jana.