Mguu usio na damu, tumbo lililojaa damu: lini tupasue mgonjwa wa UVIKO-19

UVIKO-19 mkali huumiza utando wa ndani wa mishipa, faibrinojeni na faktori VIII, protini za kugandisha damu, hupanda, na damu huganda hata ndani ya ateri. Tunawapa wagonjwa heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, na baadhi yao huanza kuvuja damu. Tatizo la kwanza, la kuganda, linataka kisu haraka. La pili, la kuvuja, mara nyingi linataka kisu kikae mbali.

Nianze na mguu. Maumivu makali, ubaridi, mapigo hayapo. Kwenye ngozi nyeusi weupe hauonekani vizuri, kwa hiyo tazama unyayo. Aliye kwenye mashine ya kupumulia hawezi kulalamika, basi muuguzi ashike mapigo ya mgongo wa unyayo kila zamu. Misuli huanza kufa ndani ya takriban saa sita, na foleni ya Dar es Salaam, kutoka Mbagala hadi Upanga, inaweza kula sehemu nzuri ya muda huo. Ndiyo maana nasisitiza heparini ianze kabla ya gari la wagonjwa kuondoka: yuniti 80 kwa kilo kwa mkupuo, kisha 18 kwa kilo kwa saa. Mtu wa kilo 70 anapata 5,600, halafu 1,260 kila saa. Mguu uliokakamaa, wenye mabaka yasiyofifia ukibonyeza, na dopla, kifaa cha kusikiliza mtiririko wa damu, haisikii ateri wala vena, umekufa. Huo hukatwa, kuurudishia damu ni kumwagia moyo potasiamu ya misuli iliyokufa.

Mapafu yakiwa mabovu, ganzi ya kinena inatosha, ila daktari wa usingizi awepo. Fungua kinena, dhibiti ateri ya paja na matawi yake, pasua ateri kwa mkato wa kukingama kama ni laini. Katheta ya Fogarty, mrija wenye puto nchani wa kuvutia nje bonge la damu, namba 5 huenda juu nyongani, namba 4 pajani, namba 3 chini ya goti. Puto la namba 3 hubeba mililita 0.2 tu, la namba 4 mililita 0.75. Anayevuta katheta ndiye ashike bomba la sindano, ajaze puto huku akivuta na alegeze akihisi ukinzani. Puto lililojazwa kupita kiasi huchubua utando ambao tayari umeumia, na bonge jipya hujijenga palepale. Damu kurudi kutoka chini haithibitishi kwamba njia iko wazi, kwani inaweza kutoka kwenye matawi ya pembeni. Piga picha ya mishipa hapohapo mezani.

Msitegemee matokeo ya kawaida. Katika ripoti ya Lombardia, Italia, ya 2020, kati ya wagonjwa 17 waliofanyiwa jitihada za kurudisha damu, zilifanikiwa kwa 12. Kwa hiyo heparini iendelee baada ya upasuaji. APTT, kipimo cha muda wa damu kuganda, inaweza kudanganya kwa sababu faktori VIII iliyopanda huifupisha. Penye kipimo cha anti-Xa, kinachopima nguvu ya heparini yenyewe, lenga yuniti 0.3 hadi 0.7 kwa mililita.

Mguu ukikaa zaidi ya saa sita bila damu, fungua vyumba vyote vinne vya misuli ya muundi kwa mikato miwili, uviache wazi. Mkojo ukigeuka rangi ya chai ya rangi, ongeza maji na upime potasiamu.

Sasa kuvuja. Mgonjwa aliye kwenye heparini anakohoa, uvimbe unatokea ukutani mwa tumbo. Au hawezi kunyoosha nyonga na paja lina ganzi mbele, maana damu imeingia kwenye iliopsoas, msuli unaokunja nyonga, na kubana neva. Simamisha heparini. Mpe protamini, dawa ya kubatilisha heparini, miligramu 1 kwa kila yuniti 100 zilizoingia saa mbili au tatu zilizopita, polepole, isizidi miligramu 50. Kwa enoksaparini, heparini ya molekuli ndogo, protamini hufanya kazi nusunusu tu. Ongeza damu, fanya CT scan yenye dawa ya mishipa.

Ukiona inavuja, mpeleke akazibwe mshipa kwa katheta. Usikimbilie kufungua: shinikizo la damu iliyojikusanya ndilo linalobana mshipa, ukilifungua hutakuta mshipa mmoja wa kufunga, utakuta misuli yote inalia damu. Nafungua tu pale shinikizo la tumbo linapopita mmHg 20 na figo zinazima, au mgonjwa anaporomoka na katheta haipatikani. Hata hapo, jaza vitambaa, funga kwa muda, mrudishe baada ya saa 24 hadi 72.

Hemoglobini ikitulia siku mbili au tatu, rudi na dozi ya kinga kwanza: enoksaparini miligramu 40 kwa siku, au, figo zikiwa dhaifu, heparini yuniti 5,000 chini ya ngozi kila saa 8 hadi 12.