Udongo wenye mionzi si lazima uwe umechafuliwa

Majibu ya maabara yakirudi yameandikwa "sampuli ina mionzi", swali la kwanza huwa: nani kamwaga nini? Mara nyingi jibu ni hakuna. Atomi zenye mionzi kama urani-238, thoriamu-232 na potasiamu-40 zimo kwenye mawe tangu dunia ilipoumbika, na hazijaisha kwa sababu zinaoza, yaani kugeuka atomi nyingine huku zikitoa mionzi, taratibu mno. Urani hiyo huchukua miaka bilioni 4.5 kupungua hadi nusu, thoriamu bilioni 14. Kwa kukadiria, kilo moja ya udongo wa kawaida duniani ina bekereli 35 za urani-238, 30 za thoriamu-232 na 400 za potasiamu-40. Bekereli moja ni kiini kimoja kinachooza kila sekunde. Mwili wa mtu mzima wenyewe una takriban bekereli 4,000 za potasiamu-40, kwa hiyo anayeogopa kushika sampuli ya udongo amebeba mionzi yake mwenyewe.

Uchafuzi wa kibinadamu una alama zake. Seziamu-137, iliyosambazwa na majaribio ya mabomu ya nyuklia na ajali ya Chernobyl ya 1986, haipo kiasili, na mwale wake wenye nishati ya kiloelektronivolti (keV) 662 huonekana peke yake kwenye grafu.

"Kaunta ya Geiger inatosha"

Inatosha kujua kama kuna kitu. Haikuambii ni nini, kwa kuwa kwake kila mwale ni mlio uleule. Spektrometa ya gama hupanga miale kwa nishati: potasiamu-40 hujitokeza kwenye keV 1,461, na mnyororo wa thoriamu, yaani atomi zinazozaliwa moja baada ya nyingine inapooza, hujitambulisha kwa kilele cha tali-208 kwenye keV 2,615. Kigunduzi cha sodiamu iodidi ni cha bei nafuu na hakihitaji kupozwa, ila vilele vyake ni vipana. Kile cha 662 huenea kama keV 45. Cha jerimaniamu, ambacho mara nyingi hupozwa kwa nitrojeni kimiminika, hukibana kilele hichohicho chini ya keV 2. Kwa udongo wenye vilele vingi vinavyosongamana, tofauti hiyo ndiyo kazi yenyewe.

"Mashine inaipima urani moja kwa moja"

Hapa ndipo wengi wanapopotea, wakiwemo waandishi wa ripoti. Urani-238 yenyewe karibu haitoi gama ya maana. Tunachohesabu ni vizazi vyake vya mbali, hasa risasi-214 kwenye keV 352 na bismuthi-214 kwenye keV 609, kisha tunarudi nyuma kwa hesabu.

Kati ya radiamu-226, nayo kizazi cha urani, na vizazi hivyo kuna radoni-222, ambayo ni gesi. Ukisaga jiwe, ukalikausha na kulichekecha, sehemu ya radoni inatoroka. Ukilipima siku hiyohiyo, bismuthi itakuwa pungufu na utaandika namba ndogo kuliko ukweli. Ndiyo maana sampuli hufungwa kwenye chombo kisichopitisha hewa na kuachwa karibu wiki 4. Nusu-uhai wa radoni, yaani muda wa kupungua hadi nusu, ni siku 3.8, hivyo muda huo unatosha radoni kujijenga upya hadi iwe sawa na radiamu. Mfuniko wa kawaida uliobanwa kwa mkono hautoshi. Gesi hii haina adabu, hupenya hata baadhi ya plastiki.

"Basi tutumie keV 186, ya radiamu yenyewe, tusingoje." Ni njia halali, lakini urani-235 nayo hutoa mwale kwenye 185.7 wakati wa radiamu uko 186.2. Hata jerimaniamu haiwatenganishi. Kwenye mwamba ambao mnyororo wake haujavurugwa, radiamu huchangia zaidi kidogo ya nusu ya kilele hicho. Asiyelirekebisha hilo anaikuza radiamu karibu maradufu.

Na hata baada ya kungoja wiki 4, ulichopata ni radiamu-226. Maji yenye oksijeni huyeyusha urani na kuihamisha, radiamu ikabaki nyuma. Binafsi huiamini zaidi ripoti inayoandika "radiamu-226" kuliko inayoandika "urani" bila maelezo.

"Kinachosomwa chote kimetoka kwenye sampuli"

Kuta za zege zina potasiamu, na hewa ya chumba ina radoni. Kigunduzi huzungushiwa metali ya risasi ya unene wa kama sentimita 10, kisha chombo kitupu hupimwa ili hesabu yake itolewe. Risasi mpya nayo huwa na risasi-210, yenye nusu-uhai wa miaka 22, ndiyo maana maabara makini hutafuta risasi kuukuu.

"Ikizidi wastani wa dunia, ni hatari"

Wastani si kikomo. Itale huuzidi kwa kawaida, mawe ya chokaa huwa chini yake. Kwa vifaa vya ujenzi hutumika kipimo cha radiamu-linganifu: radiamu, kujumlisha thoriamu mara 1.43, kujumlisha potasiamu mara 0.077, na jumla isizidi bekereli 370 kwa kilo. Udongo wa wastani tuliouona mwanzo, tukichukulia radiamu yake ni sawa na urani, hupata kama 109. Hata hivyo kipimo hiki hakisemi radoni ni kiasi gani ndani ya nyumba, kwani hiyo hutegemea pia nyufa za sakafu na upitishaji wa hewa. Anayetaka kuijua huweka kigunduzi cha radoni chumbani na kukiacha miezi kadhaa.