Kisiwa kisicho na kisima: Chumbe kwa jicho la mhandisi wa maji

Swali ninaloulizwa sana kuhusu Chumbe si la samaki wala la mnara wa taa. Ni hili: "Yaani ulipe pesa zote zile ukalale kwenye banda la makuti, choo chenyewe hakina maji?" Mwulizaji mara nyingi ni Mzanzibari mwenzangu, aliyekulia chini ya makuti na asiyeona kwa nini ayarudie kwa bei ya hoteli kubwa. Kazi yangu ni mifumo ya maji safi na maji taka katika majengo ya mwambao, na nikifika pahala pa kulala wageni hutazama mabomba kabla ya kitanda. Basi nitajibu kwa upande ninaoujua.

Kisiwa kiko kusini-magharibi mwa mji wa Zanzibar, na boti huondokea ufukwe wa Mbweni. Ukubwa wake ni kama hekta 22, zote jiwe la matumbawe ya kale, na juu ya jiwe hilo umeota msitu wa maweni. Hakuna mto, hakuna chemchemi, hakuna kisima. Miti inaishi kwa mvua, umande na unyevu uliojificha kwenye nyufa. Mizizi utaiona imetambaa juu ya mawe ikitafuta pa kupenya. Zamani waliokaa huko walikuwa walinzi wa mnara, uliojengwa mwaka 1904, nao walikuwa na msikiti wao mdogo. Mwamba wa matumbawe ulio baharini upande wa magharibi ulisalimika kwa sababu uvuvi haukuruhusiwa pale, maana ndiyo njia ya meli za Dar es Salaam. Mwaka 1994 Serikali ya Zanzibar ikautangaza mwamba na msitu kuwa hifadhi, inayoendeshwa na kampuni aliyoianzisha Sibylle Riedmiller. Mabanda ya wageni ni saba tu.

Hiyo saba ndiyo nataka tuielewe.

Jiwe la matumbawe linavuja kama chujio. Katika kisiwa kidogo namna ile, maji matamu, yakiwapo, ni utando mwembamba unaoelea juu ya maji ya bahari. Tia pampu, vuta kwa pupa, na chumvi inapanda. Nimeviona visima vya namna hiyo Unguja yenyewe, mwaka wa kwanza wanakunywa, mwaka wa tatu hata nguo hazitakati. Njia ya pili ni mtambo wa kuondoa chumvi, ambao unakula umeme na kuacha maji makali ya chumvi yanayotafuta pa kumwagwa, na pembeni yako kuna mwamba wenye zaidi ya aina 400 za samaki. Njia ya tatu ni kuyaleta maji kwa boti, siku zote, bahari ikiwa shwari au imechafuka.

Chumbe walichagua paa. Kila banda lina paa kubwa la makuti lenye mwinamo mkali. Mvua inateremka, inakingwa, inapita kwenye kokoto na mchanga, kisha inaingia kwenye birika lililojengwa chini ya sebule. Ukikaa kwenye kochi, maji yako ya kuoga yako chini ya miguu yako. Wafanyakazi huyapandisha kwa pampu ya mkono hadi kwenye matangi, na ya moto yanapashwa na jua. Wazee wetu wa mwambao waliijua habari hii ya birika karne nyingi kabla ya sisi wenye vyeti. Tazameni magofu ya misikiti yao.

Sasa tufanye hesabu. Tarakimu hizi ni za mfano, msizichukue kuwa vipimo vya banda fulani. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ya paa ni lita 1. Paa la mita za mraba 100, likipata milimita 1,500 kwa mwaka, linakinga lita 150,000 kwenye karatasi. Makuti yana ushuru wake, kwani mvua ya kwanza inanywewa na majani makavu, nyingine inarukia nje, na birika likijaa inayobaki inamwagika. Tuseme umebaki na lita 100,000. Gawa kwa siku za mwaka, unapata lita 270 hivi kwa siku kwa watu wawili. Mtu atasema mbona tele.

Tele ya karatasi hiyo. Mvua yetu haigawi sawasawa. Masika yanashusha kwa fujo, vuli kidogo, na baina yake kusi inavuma kavu miezi kadhaa. Kwa hiyo anayeamua si mvua bali birika. Chukua birika la lita 15,000, likiwa limejaa masika yanapokwisha, na siku 120 za mvua haba mbele yako. Hapo una lita 125 kwa siku. Choo cha kawaida cha kuvuta maji kikitumia lita 9 kila mara, watu wawili wakienda mara tano tano, ni lita 90. Wamebakiwa na lita 35 za kuoga, kunawa na kusafishia banda.

Ndiyo maana choo ni kikavu. Hakuna aliyekaa akasema wageni wataona raha kutumia choo cha mboji. Hesabu iliwafikisha hapo.

Na sababu ya pili ni jiwe lile lile linalovuja. Ukichimba shimo la maji taka kwenye maweni, majimaji hayakai. Yanapita nyufani hadi baharini yakiwa na rutuba yote. Rutuba hiyo inaneemesha mwani, na mwani ukishamiri unayafunika matumbawe. Choo cha mboji hakitoi maji taka. Uchafu unadondoka kwenye chumba chake, unachanganywa na vitu vikavu na kuoza taratibu. Bomba refu la hewa linashika upepo juu ya paa, linavuta hewa kutoka ndani ya choo kwenda nje, kwa hiyo harufu haipandi kukufuata ulipokaa. Utaratibu ni mwepesi: ukimaliza, chota matandazo makavu yaliyo kando, mwaga, funika. Funika kweli, maana kifuniko kikiachwa wazi mkondo wa hewa unaharibika.

Choo kama hiki kikinuka, mara nyingi kimeingia maji. Na hapa wabunifu wengi wa kizungu hawakutufikiria sisi tunaostanji, yaani tunaojisafisha kwa maji. Mwislamu hawezi kuambiwa apanguse kwa karatasi aondoke, basi. Vyoo ninavyochora mimi huweka pahala pa kustanji kando ya kiti, na kopo lake, na maji yake yanakwenda kwenye kitalu cha mimea, hayaingii kwenye mboji. Sentimita chache za sakafu zinamaliza ugomvi wote.

Maji ya kuogea nayo, kule Chumbe, yanachujwa kisha yanaingia kwenye vitalu vya mimea inayokunywa rutuba kabla haijafika baharini. Ukija na sabuni zako za dawa kali unawapa mimea kazi wasiyoiweza. Ziache nyumbani.

Umeme ni wa jua, wa taa na mambo madogo. Nje hakuna taa za njiani. Usiku unatembea na tochi, na unaimulika chini, kwa sababu wenye njia wanatoka. Yupo kaa mkubwa wa nchi kavu, yule anayepanda miti na kupasua nazi kwa gando, ambaye anaweza kufika kilo 4. Akikutana na mwanga anasimama, anainua magando kidogo, anapima kama wewe ni wa kuhangaikiwa, halafu anarudi nyuma, mguu mmoja mmoja, ganda likikwaruza jiwe. Msituni wamehamishiwa pia paa nunga, swala wadogo ambao kwingine Unguja wamewindwa hadi kupungua vibaya, lakini kumwona ni bahati.

Je, raha ipo? Ipo, ila si ile ya kiyoyozi. Kitanda kiko ghorofani chini ya makuti, na ukuta wa mbele unashushwa kwa kamba ukalala unatazama bahari, upepo unaingia wenyewe. Makuti yanadondosha vumbi. Mijusi wana maoni yao usiku kucha. Nguo haikauki sawasawa, na chochote cha chuma kinashika kutu ukikitazama. Asiyevumilia hayo aende Nungwi, hakuna atakayemlaumu.

Kinachonikera mimi ni hoteli za mwambao zinazouza "uasili" huku makuti yametandikwa juu ya mabati, jenereta inanguruma nyuma ya ua, na gari la maji linaingia alfajiri wageni wamelala. Pale makuti ni pambo. Chumbe makuti yanafanya kazi, na idadi ya vitanda inafuata paa na birika badala ya kufuata tamaa ya mwenye hoteli. Bei inalipa hayo: saruji na kila msumari umevuka kwa boti, mtu anapiga pampu kwa mkono, walinzi, ambao wengine walikuwa wavuvi, wanalinda mwamba kila siku, na watoto wa skuli wanaletwa kusomeshwa bahari yao. Kuogelea na miwani kunaruhusiwa, kuzamia na mitungi hakuruhusiwi kwa wageni, na boti haitupi nanga kwenye matumbawe.

Mkitaka kwenda, masika kisiwa hufungwa kwa wageni, jambo linaloniridhisha kwa sababu ndio wakati mabirika yanajaa. Ulizeni bei ya mkaazi kabla ya kukata tamaa na iliyoandikwa kwa dola. Tazameni pia kalenda ya mwezi: bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, ndilo zuri kwa kutembea ufukweni maji yakitoka, maana linaacha vidimbwi vyenye kila aina ya kiumbe. Na vaeni viatu vyenye soli ngumu. Kandambili hazifai kwenye maweni. Jiwe lile linakata.