Moshi wa alfajiri: niachie gari lilale gereji

Mteja akinipigia simu kwamba gari lake la dizeli linafuka asubuhi, siulizi kwanza rangi ya moshi. Naomba gari lilale kwangu. Wengi hawapendi. Wanataka waje saa 4, nisikilize kidogo, niwape jibu. Saa 4 injini imeshapeleka watoto shule na kupita sokoni, joto limeshaficha kila kitu. Hapo fundi anabaki kubahatisha, na fundi anayebahatisha huwa anaangukia jibu la gharama kubwa: "Ringi za pistoni hizo, tushushe injini."

Huku Njombe baridi ya Juni na Julai inatuletea wateja wengi wa namna hii. Na si baridi peke yake. Tuko juu sana, karibu mita 1,900, na mgandamizo wa hewa ni kama asilimia 80 ya ule wa Dar es Salaam. Injini ya dizeli haina cheche. Inategemea pistoni ibane hewa mpaka iwe moto wa kutosha kuwasha mafuta. Hewa ikiwa nyepesi na chuma kikiwa baridi, joto lile linanyonywa na kuta za silinda kabla mafuta hayajashika. Mafuta yasiyoshika hutoka nyuma yakiwa mvuke mweupe unaochoma macho. Ndiyo maana mtu ananunua gari pwani likionekana zima kabisa, akilipandisha huku linaanza kufuka. Ugonjwa lilikuwa nao kule kule, ila joto la pwani lilikuwa linalisitiri.

Nieleze moja. Land Cruiser pikapu ya miaka ya 1990 yenye injini ya 1HZ: silinda 6, lita 4.2, pampu ya mafuta ya kuzunguka, hakuna kompyuta. Mwenyewe anabeba viazi mviringo kutoka Makete. Gereji nyingine ilikuwa imemwambia ashushe injini, naye alikuwa ameshaanza kutafuta hela.

"Fundi, inafuka nyeupe mpaka jirani anafunga madirisha," aliniambia. "Ikipata moto inaacha."

"Na mlimani ukiwa na mzigo?"

"Inapanda tu, haina shida."

Nilifungua kifuniko cha kujazia oili injini ikiwa inanguruma. Ikiwa ringi zimekwisha kweli kweli, pale panapumua kwa nguvu, moshi unapiga kama bomba la pili. Hapakuwa na kitu cha kutisha. Nikamwambia, mzee wangu, acha ufunguo, njoo kesho mchana.

Saa 12 asubuhi nilianza kabla ya kugusa stata. Kwanza maji ya redieta na kijiti cha oili, vyote vilikuwa sawa. Kisha nikaminya pampu ya mkono iliyo juu ya filta ya dizeli. Hapa pana siri kubwa ambayo mafundi vijana wanairuka. Pampu ile ikiwa ngumu tangu minyo wa kwanza au wa pili, mafuta yamebaki kwenye laini usiku kucha. Ikiwa laini mpaka uminye mara kumi na zaidi, dizeli imerudi kwenye tangi na hewa imeingia mahali pake. Gari la namna hiyo linazungusha stata muda mrefu, linashika silinda moja moja, na moshi mweupe unajaa uwanja. Nilipokuwa bado najifunza kazi, tulifungua injini ya Hilux ya watu mpaka pistoni kwa sababu ya moshi kama huo. Hatukukuta kitu. Tatizo lilikuwa kifuniko cha mpira kwenye ncha ya bomba la marejesho, lile linalorudisha dizeli iliyozidi, pale kwenye nozeli (kipuliza mafuta) ya mwisho. Kilikuwa kimepasuka, kipande ambacho kinaenea kwenye ncha ya kidole. Mpaka leo nikiona injini ya dizeli jicho linakwenda pale kwanza.

Kwa huyu wa viazi pampu ilikuwa ngumu. Nikahamia kwenye plagi za joto, vile vijiti vya umeme vinavyopasha injini kabla ya kuwaka. Injini ya 1HZ haipulizi mafuta moja kwa moja juu ya pistoni, inayapuliza kwenye kichumba kidogo ndani ya silinda hedi, na kichumba hicho kikiwa baridi ndicho kinachokula joto. Kwa hiyo inazihitaji plagi kuliko, kwa mfano, Isuzu 4JB1 inayopuliza moja kwa moja. Kile kitaa cha njano kwenye dashibodi kisikudanganye. Kinakuhesabia sekunde tu, hakijui kama plagi zinapata moto. Nilipima kwanza kama umeme unafika, ukafika. Nikatoa bamba linaloziunganisha, nikapima moja moja kwa testa. Plagi nzima inasoma omu chache tu, iliyokufa haisomi chochote. Tatu kati ya sita zilikuwa zimekufa.

Kabla hujaenda dukani, angalia gari lako ni la volti 12 au 24, maana Land Cruiser za namna hii ziko za aina zote mbili. Plagi isiyo yake inaweza kuungua siku hiyo hiyo ya kufungwa.

Tulifunga mpya, tukaliacha gari lilale tena. Asubuhi likawaka mara moja, lakini likawa linachechemea na kutoa moshi mweupe mwembamba kwa dakika kama mbili. Hapo ndipo mwenye haraka angesema, si nilisema ringi? Mimi nikachukua kopo la maji. Injini ikiwa imewaka muda mfupi tu, dondosha tone kwenye kila tawi la bomba la moshi pale linapotoka kwenye hedi. Penye silinda inayofanya kazi tone linachemka. Tawi la 6 tone lilitulia kama lipo kwenye jiwe. Nikalegeza nati ya bomba la nozeli ya 6, mlio wa injini haukubadilika hata kidogo. Za silinda nyingine ukilegeza, injini inayumba. (Kipimo hiki cha kulegeza nati ni cha pampu za zamani tu, na hata huko funika nati kwa kitambaa. Kwenye injini za kisasa za komoni reli usithubutu, mgandamizo wake unatoboa ngozi.)

Sasa silinda ya 6 imekufa, lakini ni nozeli au ni silinda yenyewe? Nilihamisha nozeli ya 6 nikaiweka ya 3, ya 3 nikaiweka ya 6, zote mbili kwa washa mpya za kuzibia. Asubuhi ya tatu ugonjwa ukahamia silinda ya 3. Ingekuwa ringi au valvu, ungebaki pale pale. Nozeli ilipowekwa kwenye mashine ya kupimia, ilikuwa inadondosha matone badala ya kupuliza ukungu. Kwenye injini ya moto matone yale yanaungua hivyo hivyo, ndiyo maana mchana halikufuka.

Kama nozeli zote sita zingekuwa nzima, ningekwenda kwenye taiming, yaani wakati mafuta yanapoingia, kisha ndiyo nipime kompresheni, nguvu ya silinda kubana hewa. Mkanda wa taiming ukiruka jino moja mafuta yanachelewa kuingia, unapata moshi mweupe usioisha vizuri hata injini ikipata moto. Na pembeni ya pampu kuna kifaa cha nta kinachowahisha mafuta wakati wa baridi. Magari mengi ninayopokea kimeshazibwa na mtu.

Kitu ambacho sikufanya, na sifanyi, ni kupuliza spirei ya kuwashia kwenye hewa ya kuingia. Ikikutana na plagi zilizo moto inalipuka kabla ya wakati wake, na hapo ringi ulizoambiwa zimekufa zinakufa kweli.

Mzee alikuja kuchukua gari siku ya nne. Akaliwasha mwenyewe, akazunguka nyuma kuangalia. Palitoka pumzi moja ya bluu, ikapotea.

"Na huo, fundi?"

Huo ni oili, nikamwambia. Sili za valvu zimekakamaa kwa umri, oili inachuruzika usiku tone mbili tatu. Pima kijiti kila Jumamosi. Ukiona unaongeza lita kati ya sevisi moja na nyingine, rudi tuzungumze. Kwa sasa kabebe viazi.