Je, wajua? Anayemfundisha rubani mara nyingi naye bado anatafuta kazi ya urubani

Binti wa jirani yangu hapa Kisasa, Dodoma, yuko kidato cha sita na anataka kuwa rubani. Jioni moja ndege ya pangaboi ilipita juu yetu ikishuka uwanjani, akaniuliza: "Baba mdogo, hivi marubani wanafundishwa na nani?" Nikamjibu bila kusita: kapteni mzee, aliyeruka miaka thelathini, akachoka na safari za mbali, sasa anarithisha ujuzi wake. Jibu hilo halikuwa sahihi. Nimewauliza watu wengine kadhaa tangu siku ile na karibu wote wamejibu kama mimi, ndiyo maana naandika haya.

Kosa lenyewe linaeleweka. Kwetu anayefundisha ni mkongwe. Gereji, kijana anashika spana miaka miwili kabla hajaruhusiwa kufungua injini, na anayemsimamia ni fundi mwenye mvi. Kwenye cherehani na kwenye ujenzi ni hivyo hivyo. Lakini katika shule za urubani za Marekani, ambako vijana wa nchi nyingi huenda kusoma, mkufunzi wa kawaida ni kijana aliyepata leseni juzi tu. Anafundisha kwa sababu bado hajatimiza masharti ya kuajiriwa na shirika la ndege.

Aliyenifungua macho ni kijana mmoja aliyesomea huko. Alinionyesha logibuku yake, kile kitabu ambacho rubani huandika kila safari: tarehe, aina ya ndege, alikotoka, alikofika, saa alizoruka. Kurasa za mwanzo zina sahihi ya mkufunzi mmoja, za katikati sahihi nyingine, za mwisho ya tatu. "Wa kwanza alikuwa na miaka 24," akaniambia. "Siku moja akaaga, kapata kazi." Masomo yakasimama wiki tatu mpaka akapatikana mwingine.

Chanzo kinajulikana. Februari 2009 ndege ya Colgan Air ilianguka karibu na Buffalo, jimbo la New York, wakafa watu 50. Mwaka uliofuata Bunge la Marekani likapitisha sheria, na kuanzia 2013 hata rubani msaidizi wa shirika la ndege anatakiwa awe na saa 1,500 angani, ukiacha nafuu kwa waliotoka jeshini na waliosomea urubani chuo kikuu. Leseni ya biashara, ile inayomruhusu rubani kulipwa, inapatikana kwa saa 250. Zinabaki 1,250, na kukodi ndege kwa saa zote hizo ni fedha ambazo familia nyingi hazina.

Njia waliyoipata ndiyo iliyonishangaza kuliko yote. Mkufunzi anapokaa kando ya mwanafunzi, saa ile moja inaandikwa katika vitabu viwili: mwanafunzi anaiandika kama saa ya kujifunza, mkufunzi anaiandika kama saa aliyoongoza ndege. Ndege na mafuta analipia mwanafunzi. Mkufunzi akiruka saa 60 au 70 kwa mwezi, ndani ya mwaka mmoja na nusu au miwili anafikisha 1,500. Siku hiyo anaondoka.

Basi waongezewe mshahara wabaki, utasema. Mimi pia nilidhani tatizo lote ni malipo, na kweli malipo yanachangia: wengi hulipwa kwa saa walizoruka, mawingu yakitanda siku nzima hakuna kitu. Lakini kuna jambo zito zaidi, nalo ni ukongwe kazini.

Fikiria bomba la maji mtaani, wakati wa mgao. Ndoo zimepangwa foleni tangu alfajiri. Hapa haulizwi nani ana ndoo nzuri wala nani anajua kuteka. Kinachoangaliwa ni nani aliweka ndoo kwanza. Katika mashirika mengi makubwa ya ndege, siku uliyoajiriwa ndiyo siku uliyoweka ndoo yako. Namba yako katika foleni ndiyo inayoamua lini utakuwa kapteni, utarusha ndege ipi, utaishi mji gani, kama Krismasi utakuwa nyumbani au angani. Kazi zikipungua, wa mkiani ndio wa kwanza kurudishwa nyumbani.

Sasa tuseme umechoka na bomba hili, unahamia la mtaa wa pili. Hata kama hapa ulikuwa wa tatu, kule unaweka ndoo mkiani, nyuma ya mtoto aliyefika dakika tano kabla yako. Kapteni wa miaka 20 akihamia shirika jingine anaanza chini, kwa namba na kwa mshahara. Ndiyo maana hawahamihami.

Kwa mkufunzi kijana, maana yake ni hii: kila mwezi anaobaki shuleni, wengine wanaweka ndoo mbele yake, na watakuwa mbele yake mpaka wastaafu, ambapo Marekani ni miaka 65. Nyongeza ya mshahara ya mwaka mmoja hailipi nafasi hiyo. Na kapteni mzee niliyemfikiria? Akiacha kazi akafundishe, anapoteza namba yake. Wanaofundisha ndani ya shirika lenyewe, kwenye simuleta, mashine ya ardhini inayoiga ndege, kwa kawaida hubaki na namba zao. Wapo pia wastaafu wanaorudi kufundisha kwenye ndege ndogo; sheria haiwakatazi, ila ni wachache.

Tahadhari kidogo. Kama kweli Marekani ina uhaba wa marubani ni jambo linalobishaniwa. Chama chao kikubwa, ALPA, kinasema kinachokosekana ni malipo na mazingira mazuri. Mwaka 2022 mashirika madogo yaliyo chini ya American Airlines yalipandisha malipo ya rubani msaidizi anayeanza hadi kama dola 90 kwa saa, na waombaji wakajitokeza. Ajira zilipopungua 2024, wakufunzi wakakwama shuleni na wapya wakakosa pa kufundisha. Ulaya nako rubani anaweza kuingia shirika akiwa na saa 200 hivi, kwa hiyo mkufunzi kijana wa kukusanya saa si lazima awepo.

Kwetu njia ni tofauti pia. Mwenye leseni ya biashara anaweza kukaa kiti cha rubani msaidizi bila saa 1,500, kwa hiyo wengi hutafuta saa zao katika ndege ndogo za abiria na watalii kama Cessna Caravan. Kwa miaka mingi vijana wetu walikwenda kujifunza uwanja wa Wilson, Nairobi, au Ethiopia na Afrika Kusini. Sasa chuo chetu cha usafirishaji, NIT, kimenunua Cessna 172 za mafunzo, na Air Tanzania, iliyoanza kufufuka 2016 kwa ndege za pangaboi, ina Boeing 787, Airbus A220 na Boeing 737 MAX za kujaziwa marubani. Hata hapa Dodoma kuna mradi wa uwanja mpya wa ndege wa Msalato, wenye njia ya kurukia ya kilomita 3.6. Atakayewafundisha hao vijana ni swali ninalolifikiria sana.

Nilirudi kwa binti nikamrekebishia jibu. Nikamwambia akifika shule yoyote, kabla hajalipa, amuulize mkufunzi wake ana saa ngapi na shule ina wakufunzi wangapi wa akiba.

"Na akisema ana 1,400?"

"Basi uliza atakayekupokea ni nani, mwanangu, na uombe kuruka naye mara moja kabla huyo hajaondoka."