"Jamii" si watu wa kule

Juzi nilikaa kwenye semina ya siku mbili mjini Morogoro, na kabla chai ya saa nne haijaletwa nilikuwa nimeshalisikia neno jamii likitumika kwa namna inayoniuma kila mara. "Jumatatu tunashuka kwenye jamii." "Jamii bado haina uelewa." "Tukimaliza, tutairudishia jamii matokeo." Waliosema hivyo ni vijana wenye nia njema, na wengi wao wamesoma somo lilelile nililosoma mimi, elimujamii. Lakini yasikilize maneno yao. Wanashuka kwenye jamii kutoka wapi? Na dereva atakayewapeleka, na yule mama aliyekuwa akipanga vikombe na sambusa nyuma ya ukumbi, hao tuwaweke wapi?

Kwa kifupi, jamii ni watu pamoja na mahusiano yaliyojikita baina yao: desturi, kanuni, vyeo, taasisi na matarajio yanayowafanya waishi pamoja hata wasipojuana kwa sura. Elimujamii, au sosholojia kama wengi tunavyoiita, ni taaluma inayochunguza mahusiano hayo. Basi. Katika maana hiyo hakuna kijiji, hakuna umaskini, hakuna ujinga. Waziri yumo, meneja wa benki yumo, na mtafiti mwenye daftari lake yumo.

Tuliangalie neno lenyewe, maana ndipo kosa linapoonekana wazi. Asili yake ni Kiarabu, kwenye mzizi wa herufi tatu, jim, mim na ain, wenye maana ya kukusanya. Ukoo wake katika Kiswahili ni mkubwa: Ijumaa, siku ya kukusanyika, jamaa, jumuiya, na pamoja nayo kujumuika na kujumuisha, ijtimai, mkusanyiko wa waumini, Msikiti wa Jamia pale Nairobi, na hata kujamiiana, neno linalofanya darasa zima la kidato cha tatu litazame chini. Jumla haimo. Wengi huidhania ndugu kwa sababu ya sauti, lakini mzizi wake ni jim, mim na lam, ukoo mwingine kabisa.

Sasa jamii yenyewe, huko ilikotoka, maana yake ni "wote". Mwarabu akitaka kusema watu wote, hilo ndilo neno lake. Neno lililozaliwa likimaanisha wote, sisi leo tunalitumia kumaanisha wale.

Na mzizi huohuo ndio ulioshika taaluma hii muda mrefu kabla vyuo vya Ulaya havijaipa jina. Mwanahistoria Ibn Khaldun, aliyezaliwa Tunis mwaka 1332, alipoandika kitabu chake cha Mukadima mwaka 1377 alianza na ijtimai ya binadamu, kwamba watu kukusanyika na kuishi pamoja ni jambo la lazima. Hoja yake inaanzia kwenye chakula. Chukua mlo wa siku moja tu wa mtu mmoja, asema, wa ngano. Lazima isagwe, ikandwe, iokwe. Kila kazi kati ya hizo ina vyombo vyake, na vyombo hivyo havipatikani bila mhunzi, seremala na mfinyanzi. Kisha kuna aliyelima, aliyevuna na aliyepura. Hakuna mtu mmoja awezaye yote hayo peke yake. Waarabu hadi leo huiita taaluma hii elimu ya ijtimai, kwa hiyo sisi tunaosema elimujamii tumo kwenye mstari huohuo, hata kama hatukukusudia.

Wazungu walipita njia nyingine. Mfaransa Auguste Comte alitaka kwanza kuiita fizikia ya jamii. Jina hilo Mbelgiji Adolphe Quetelet alilitumia mwaka 1835 kwa kazi yake ya takwimu, na Comte hakupendezwa. Miaka michache baadaye akatangaza jina jipya, sosholojia, kwa kuunga neno la Kilatini na la Kigiriki. Wapo waliolalamika kwamba si vizuri kuchanganya lugha mbili katika neno moja. Mimi hilo halinisumbui. Ninachokipenda ni kile kipande cha Kilatini, socius, ambacho maana yake ni mwenzi, mtu wa upande wako. Huku wote, kule mwenzi. Yule "mlengwa" wa ripoti za miradi simwoni mahali popote.

Kuna mkanganyo wa pili, huu wa jamii na jumuiya, na hapa nawaonea huruma watafsiri. Mwaka 1887 Mjerumani Ferdinand Tönnies alitoa kitabu kilichotenganisha aina mbili za kuishi pamoja. Ya kwanza ni ile ya damu, ujirani na imani, ambayo mtu hukuta yumo tu: nyumba, ukoo, kijiji. Ya pili ni ile ya mkataba na hesabu, ambapo watu huungana kwa kuwa kila mmoja ana anachokitafuta: soko, kampuni, jiji. Ya kwanza kwa kawaida huitwa jumuiya, ya pili jamii. Kitabuni inapendeza. Mtaani haikai, kwa sababu Kiswahili kimeyagawa maneno haya kwa njia yake. Jumuiya kwetu mara nyingi ni chombo kilichoundwa, chenye uongozi na kumbukumbu za vikao. Jumuiya ya Afrika Mashariki ya sasa iliundwa kwa mkataba uliosainiwa Arusha mwaka 1999, na mambo yake ya mwanzo yalikuwa forodha na soko. Hiyo kwa hesabu ya Tönnies ni aina ya pili, ingawa jina lake ni la aina ya kwanza. Lakini nenda kwenye jumuiya ndogondogo ya Wakatoliki, nyumba kumi na kitu zinazosali pamoja kila wiki sebuleni kwa mmoja wao, ambako mtu akiugua wenzake wanajua kabla ya jioni. Hapo Tönnies angetabasamu.

Neno letu lililo karibu zaidi na aina yake ya kwanza, kwa maoni yangu, ni jamaa. Mwalimu Nyerere aliliona hilo. Mwaka 1962, alipotafuta jina la siasa yake, alichukua jamaa, neno la watu unaowajua na wanaokujua, akalitaka libebe na wale usiowajua, taifa zima na hata zaidi. Tunaweza kubishana usiku kucha kuhusu yaliyofuata. Uteuzi wa neno ulikuwa wa mtu aliyejua Kiswahili hadi ndani.

Upo pia ule usemi wa kuitupia jamii lawama kana kwamba ni mtu: jamii imeoza, jamii imemharibu. Mwaka 1987 Margaret Thatcher, waziri mkuu wa Uingereza, alilijibu gazeti moja la wanawake kwamba hakuna kitu kiitwacho jamii. Kuna wanaume, wanawake na familia. Wanaelimujamii walikasirika, nami nadhani walikuwa na haki. Lakini kero yake ya watu kuirushia jamii kila tatizo naielewa. Jamii haina miguu, haitembei ikaja kumharibu mtoto wako. Ila ipo, na ushahidi wake tunaupata kila mwezi kwenye simu zetu.

Fikiria kundi la WhatsApp la kamati ya harusi. Hujaomba kuingizwa, umeamka umo. Saa tatu usiku mweka hazina anabandika orodha: jina, ahadi, kilicholipwa, baki. Jina lako ni la kumi na saba, na mbele yake pako tupu. Hakuna sheria inayokulazimisha kuchanga. Hakuna polisi atakayekuja. Hata bwana harusi mwenyewe hajakupigia. Lakini shingo inapata moto, unafungua salio, unaanza kupiga hesabu ya ada ya mtoto na kodi ya nyumba, na mwisho unaandika: "Naahidi elfu hamsini, Mungu akijalia." Nani amekusukuma? Ukimuuliza mweka hazina atasema naye anafuata utaratibu tu. Ukiwauliza wengine kumi na sita, kila mmoja atakwambia hata yeye aliona aibu.

Hicho kilichokusukuma ndicho mwanaelimujamii Mfaransa Émile Durkheim, mwaka 1895, alichokiita ukweli wa kijamii: namna ya kutenda, kufikiri na kuhisi iliyo nje ya mtu mmoja mmoja na yenye nguvu ya kumbana. Alitoa mfano wa lugha na fedha. Hakuna anayenishurutisha kusema Kifaransa na Wafaransa wenzangu, alisema, wala kutumia fedha ya nchi, lakini siwezi kufanya vingine. Nguvu hiyo haiishi kijijini peke yake. Inambana profesa mwenye kadi ya mchango mezani sawasawa na mvuvi wa Kilwa.

Kutoka hapo ndipo mitazamo mikubwa inapogawanyika, na wanafunzi huikariri kama vile ni vyama vya siasa. Wa uamilifu, wanaomfuata Durkheim, watauliza mchango unafanya kazi gani: unawaunganisha watu, kwani leo kwangu, kesho kwako. Wa mgongano, wanaomfuata Mjerumani Karl Marx, watauliza nani anafaidika na nani anaumia, na kwa nini mwenye mshahara mdogo akope ili jina lake lisibaki tupu mbele ya bosi wake. Wa maingiliano, wanaotokana na George Herbert Mead wa Chicago, watakaa karibu zaidi na kuuliza ile nafasi tupu ina maana gani kwako, na unajiona vipi machoni pa wengine unapoisoma orodha. Maswali matatu, harusi moja. Hakuna hata mtazamo mmoja kati ya hiyo ambao jamii ni watu wengine.

Siku ya pili ya semina, wakati wa chai, kijana mmoja alinijia na rasimu ya ripoti. "Shikamoo, Mwalimu. Naomba unisomee hapa." Aliandika: "Jamii haina mwamko wa kushiriki mikutano ya kijiji."

Nikamuuliza, "Jamii ni nani hapa?"

Akafikiri. "Wanawake hasa. Hawaji."

"Mikutano huwa lini?"

"Alhamisi, saa nne asubuhi."

"Na gulio la pale ni siku gani?"

Akanyamaza kidogo. "Alhamisi," akasema, na kabla sijaongeza neno akaifuta jamii kwa kalamu na kuandika juu yake, taratibu, kwamba wanawake wengi wa kijiji hicho huuza mboga gulioni siku na saa ileile mkutano unapoitwa. Sentensi ikawa ndefu kuliko ya kwanza, na ya kweli zaidi.

"Sasa," nikamwambia, "nani aliyepanga Alhamisi?"

"Ni sisi, Mwalimu. Ofisi yetu. Ndiyo siku gari linapatikana."

"Basi nanyi mwandike humo."

Akavuta karatasi karibu, akatafuta nafasi pembeni, akaanza mstari mpya kwa neno "Sisi".