Nembo moja, mifuko miwili: washirika wanapogombea abiria wa njia moja

Wasafiri wa mara kwa mara huniuliza swali hili kila mara: kama United ya Marekani na Singapore Airlines wote wako Star Alliance, muungano mmoja wa mashirika ya ndege, mbona maili (pointi za zawadi kwa wasafiri) nilizokusanya United hazinipatii kiti cha daraja la biashara kwenye ndege ya Singapore Airlines kutoka San Francisco? Wengi hudhani mfumo wa kompyuta umekorofisha. Haujakorofisha chochote. Kwenye njia hiyo mashirika hayo mawili ni wapinzani, na wanabanana kuliko mashirika mengi yaliyo kwenye miungano tofauti.

Kazi yangu ni kupanga nauli na kusimamia mapato ya viti, kwa hiyo nalitazama jambo hili kutoka upande wa dirisha ambao abiria hauoni. Jambo la kwanza ni kwamba muungano si kampuni ya usafiri. Haumiliki ndege, hauuzi tiketi, haupangi nauli. Star Alliance ilipoanzishwa Mei 1997 na mashirika matano, yaani United, Lufthansa, Air Canada, SAS na Thai Airways, walichokubaliana kilihusu huduma: mzigo uunganishwe hadi mwisho wa safari, kadi ya mteja wa ngazi ya juu itambulike kote, launji zifunguliwe kwa wateja wa mwenzako, maili zikusanywe hapa na kutumika kule. Miungano mingine miwili mikubwa, Oneworld iliyofuata 1999 na SkyTeam ya 2000, ilijengwa hivyohivyo. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba wanachama wasinyang'anyane abiria.

Fedha zinachanganywa kwenye ngazi nyingine kabisa, ile ya ubia. Kwenye ubia mashirika mawili au matatu huweka mapato ya njia fulani kwenye chungu kimoja, hupanga ratiba na nauli kwa pamoja, kisha hugawana kwa kanuni waliyoiandika. Ukifanya kazi ndani ya ubia uliosukwa vizuri, hujali tena abiria amepanda ndege ya nani, maana mgao unakuja tu. Tatizo ni kwamba kukaa na mshindani wako mkapanga bei ni kosa katika nchi yoyote yenye sheria za ushindani zenye meno. Ili ubia uwezekane lazima serikali itoe kinga dhidi ya sheria hizo. Marekani kinga hiyo hutolewa na Wizara ya Uchukuzi, nayo huitoa pale tu ambapo nchi za mashirika hayo zina mkataba wa anga huria, yaani unaoruhusu mashirika ya pande zote kuruka kati yao bila serikali kuwawekea kikomo. Northwest ya Marekani na KLM ya Uholanzi ndio waliofungua mlango huo Januari 1993, miezi michache baada ya Marekani na Uholanzi kutia saini mkataba wao wa 1992.

Lililonivutia zaidi ni lililowapata United na Lufthansa mwaka 1996. Walipewa kinga, lakini wizara ikatoa njia mbili nje ya ruhusa hiyo: Frankfurt–Chicago na Frankfurt–Washington. Kwa nini hizo? Kwa sababu ndizo ambazo wote wawili walikuwa wakiruka bila kutua, kitovu hadi kitovu, yaani kati ya viwanja vikuu ambako shirika hukusanya na kusambaza abiria wake. Wangeweza kuzungumzia nauli ya abiria anayetoka mji mdogo wa Ujerumani kwenda mji mdogo wa Marekani, lakini kwa makundi fulani ya abiria wa njia hizo mbili, hasa wale wa kibiashara ambao hawana muda wa kusubiri, ilibidi kila mtu apange bei yake akiwa ofisini kwake. Baadaye ubia wao na Air Canada ulipokua, Tume ya Ulaya nayo ilikodolea macho Frankfurt–New York, na mwaka 2013 ikawabana kwa ahadi za kisheria, ikiwemo kuachia nafasi za kutua na kuruka kwa mshindani atakayetaka kuingia. Wadhibiti wanajua vizuri hatari iko wapi. Haiko kwenye safari za kuunganisha, ambako abiria ana njia kumi za kufika. Iko pale wawili wanaporuka mstari uleule.

Sasa turudi San Francisco na Singapore. Kati ya miji hiyo ni karibu kilomita 13,600. Kwa miaka mingi United walifika Singapore kwa kupitia Tokyo au Hong Kong, na Singapore Airlines walifika San Francisco kwa kutua Hong Kong au Seoul. Ndege mpya zinazonywa mafuta kidogo zilipokuja, hesabu ikabadilika. Tarehe 1 Juni 2016 United walianza kuruka moja kwa moja kwa Boeing 787-9. Oktoba mwaka huohuo Singapore Airlines wakajibu kwa Airbus A350-900. Marekani na Singapore zina mkataba wa anga huria tangu 1997, kwa hiyo hakuna aliyehitaji kuomba kibali cha pekee, na wala hakuna ubia unaowaunganisha wawili hao.

Zitazame hizo ndege kwa ndani, kama zilivyokuwa mwaka huo. Ya United ilikuwa na viti 252, vya biashara 48. Ya Singapore Airlines ilikuwa na viti 253: vya biashara 42, daraja la kati 24, vilivyobaki vya kawaida. Idadi inatofautiana kwa kiti kimoja! Ila mbele, United walipanga viti vya biashara viwili-viwili-viwili kwa mstari, hivyo wa dirishani alilazimika kumruka jirani akitaka kwenda msalani. Singapore Airlines walipanga kimoja-viwili-kimoja, kila abiria akiwa na njia yake. Kwenye safari inayofika saa 16 hivi ukielekea magharibi dhidi ya upepo, tofauti hiyo inauza tiketi.

Viti hivyo vya mbele ndivyo vinavyobeba njia. Safari ndefu namna hii inabidi ubebe mafuta ya kubebea mafuta: sehemu kubwa ya kinachochomwa saa za mwanzo ni kwa ajili ya kuinua mafuta yatakayochomwa saa za mwisho. Upepo wa majira ya baridi ukikaza, wakati mwingine shirika huacha viti vya nyuma wazi au hupunguza shehena ili uzito ukubali. Kwa hiyo abiria wa kawaida wanasaidia kulipa gharama, lakini faida inatoka kwenye safu zile chache za mbele. Na abiria wa safu hizo, mara nyingi mtu wa teknolojia, benki au sheria, ni yuleyule anayewindwa na mashirika yote mawili.

Hapo ndipo utaelewa habari ya maili. Shirika likikupa kiti kwa maili ulizokusanya kwa mwenzake, mwenzake hulilipa kiasi walichokubaliana, ambacho ni kidogo sana ukilinganisha na nauli kamili ya kiti hicho. Kwenye njia ambayo kiti kitabaki tupu, kiasi hicho ni neema. Kwenye njia ambayo kiti kinaweza kuuzwa siku tatu kabla ya safari kwa bei kamili, ni hasara. Singapore Airlines kwa miaka mingi wamebania viti vya mbele vya safari ndefu na kuvitunzia wanachama wa KrisFlyer, mpango wao wenyewe wa maili. Mimi ningekuwa kwenye kiti chao ningefanya hivyohivyo, hata kama ningetukanwa mitandaoni.

Tiketi za fedha nazo zina kisa chake. Chukua abiria wa Denver anayekwenda Singapore. Kinadharia United wanaweza kumbeba hadi San Francisco kisha wakamkabidhi kwa mshirika. Nauli hugawanywa kwa kanuni inayoegemea umbali, kwa hiyo kipande cha Pasifiki kinachukua sehemu kubwa ya fedha na United wanabaki na makombo, huku ndege yao wenyewe ikiondoka uwanja huohuo na viti vitupu. Meneja wa mapato anayejua kazi yake hafungui mlango huo. Anaufunga kimyakimya, kwa kutoweka nauli nzuri ya kuunganisha. Abiria akitafuta mtandaoni ataona mchanganyiko huo una bei ya ajabu, au hataona kabisa.

Matokeo yake, Singapore Airlines wana ndege nzuri hadi pwani ya Marekani lakini hawana mtu wao wa kuwasambazia abiria bara. Wakaenda kushirikiana na Alaska Airlines, ambao tangu 2021 ni wanachama wa Oneworld, na JetBlue, ambao hawamo kwenye muungano wowote kati ya hiyo mitatu. United nao wana ubia wa kuvuka Pasifiki na ANA wa Japani, na mwingine na Air New Zealand. Singapore Airlines wana ushirikiano wa kibiashara na Air New Zealand haohao kwenye njia nyingine. Rafiki ni mmoja, na bado wao wawili hawakai meza moja.

Watu huniuliza pia kama wapangaji nauli wa pande hizo mbili hawanong'onezani kwenye mikutano ya muungano. Hawathubutu. Mikutano hiyo ina miongozo ya wanasheria: nauli, idadi ya viti na mipango ya ratiba ambayo haijatangazwa haviguswi. Na hata haina haja ya kunong'ona. Nauli nyingi huwekwa kwenye ghala la pamoja la data, ATPCO, na kila shirika linasoma za wengine. Mpangaji akifungua skrini asubuhi anaona mshirika wake ameshusha nauli ya daraja la kawaida kwa safari za wiki mbili zijazo. Anaamua peke yake afuate, apite chini zaidi, au asubiri aone kama ni mtego. Kitaalamu huo ni ushindani halali, ingawa nikiri ukiutazama kwa mbali unafanana sana na mazungumzo.

Los Angeles ilionyesha mchezo unavyoishia mtu asipokuwa na nguvu nyumbani. United walianza Los Angeles–Singapore Oktoba 2017 na wakaiacha Oktoba 2018, siku chache kabla Singapore Airlines hawajaanza safari yao ya moja kwa moja Novemba 2. Nguvu zao wakazirudisha San Francisco, kwenye kitovu chao chenye safari nyingi za ndani za kuwalisha abiria. Huo ulikuwa uamuzi sahihi.

Kwingineko mambo huwa makali zaidi. Qantas na British Airways, wote waasisi wa Oneworld, walikuwa na makubaliano ya pamoja ya njia ya Australia–Uingereza tangu 1995, lakini 2013 Qantas waliyavunja wakaenda kushikana na Emirates, ambao hawamo kwenye muungano wowote. Mwaka huohuo Qatar Airways wakajiunga Oneworld, na kwa hiyo wakawa washirika wa Qantas kwa jina. Miaka kumi baadaye Qatar walipoomba safari 28 zaidi kwa wiki kwenda miji mikubwa ya Australia, Qantas walipinga, na serikali ya Australia ikakataa ombi hilo Julai 2023. Qatar wakazunguka kwa mlango mwingine: wakanunua robo ya hisa za Virgin Australia, mshindani wa Qantas.

Kwa hiyo ukitaka kujua mashirika mawili yako pamoja kweli kwenye njia yako, nembo ya muungano iache. Tazama kama kila moja linauza safari za mwenzake kwa namba yake ya safari, na kama unaweza kwenda na hili na kurudi na lile kwa nauli ya kawaida. Yote mawili yakikubali, hapo pana harufu ya ubia. Kabla ya kulipa, angalia herufi ya daraja la nauli, maana kwenye tiketi ya mshirika ndiyo inayoamua utapata maili ngapi, na herufi za bei ya chini mara nyingi hukupa chache mno au sifuri. Ukishalipa, tazama tarakimu tatu za kwanza za namba ya tiketi: 016 ni United, 618 ni Singapore Airlines, 220 ni Lufthansa. Huyo ndiye aliyetoa tiketi, na safari ikibadilika kabla hujafika uwanjani, yeye ndiye wa kumpigia kwanza.